Tarumbeta na Pafu Langu la Kushoto

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilianguka kanisani Rubondo, katika kambi yetu ya wakimbizi karibu na Mbarara, mbele ya watu wote, tarumbeta mkononi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka uliotangulia kifua kikuu kilinilaza hospitalini Mbarara. Nilikonda hadi mama akawa ananibeba mgongoni kunipeleka msalani, mimi niliyezoea kubeba magunia ya mihogo kule Kivu. Nilipona, ila pafu la kushoto lilibaki na makovu. Siku ya majibu ya mwisho nikamwuliza muuguzi kama naweza kuingia katika fanfari, ile bendi ya tarumbeta ya kanisa letu.

"Makohozi yako ni safi," akasema. "Puliza, lakini polepole. Ukisikia kizunguzungu, acha."

Hilo neno "polepole" nililiacha palepale Mbarara. Majirani walikuwa bado wananitengea kikombe changu peke yangu, nami nilitaka wasikie kwamba nimepona. Baada ya wiki tatu tu za mazoezi nikasimama mstari wa mbele, nikapuliza kwa nguvu zote. Ubeti wa pili sikuumaliza.

Nilipozinduka, mwalimu wetu wa fanfari, Mzee Rubeni, fundi baiskeli kutoka Uvira, alikuwa amepiga magoti kando yangu.

"Ulikuwa unapulizia nani?"

"Batu," nikajibu nikilia, kwa Kiswahili chetu cha Kivu. "Bajue nimepona."

"Binti yangu, ile pumzi Mungu alikurudishia haiko ya kukomoa batu. Kesho utakuya kwangu, lakini tarumbeta nitaifunga. Tutajifunza kwanza kupumua."

Niliona haya, karibu nisiende. Nikaenda. Kwa miezi miwili hivi nililala chali uani kwake, kiganja tumboni, nikivuta pumzi na kuiachia, yeye akihesabu huku anaziba pancha. Mwanzoni sikuvuka sita.

Kisha asubuhi moja akanirudishia tarumbeta. "Sauti moja tu."

Nikapuliza. Sauti ikatoka nyororo, ikaendelea, na bado ikaendelea, hadi nikaogopa. Hewa ileile niliyoihangaikia kitandani Mbarara nisiipate, sasa ilikuwa inatoka ndani yangu na kuvuka uzio! Wanawake waliokuwa wanapampu maji kisimani wakasimama. Mama aliacha dumu lake kwenye foleni, akaja mbio, akaishia mlangoni. Mzee Rubeni akavua kofia. Vinyweleo vilinisimama mwili mzima.

Basi wewe unayetoka kwenye ugonjwa ukiwa na haraka ya kuonekana mzima, nisikilize. Usishindane na mwili uliokuvusha. Maliza dawa zako. Anayekuzuia kwa upendo, mtii hata ukiona haya. Na usione ni aibu kujifunza upya kitu ambacho hata mtoto mchanga anakijua.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na siku utakayoitafuta, akuwekee mtu wa kupiga magoti kando yako.