Wimbo Ambao Ruphin Hakuuleta

Watu wakiniuliza kwa nini wapiga madimba, yaani marimba, wa mtaa wa Bel-Air hawachoki kujifunza nyimbo mpya, huwa nawajibu kwamba ni mapenzi ya muziki. Ni uongo mtupu. Sisi si wasanii. Mimi Stanislas nauza vipuri vya pikipiki Kampemba. Aaron, mpiga ngoma wetu, anashona suruali. Na Ruphin, ambaye ndiye ninayemsimulia hapa, alifunga na kufungua magurudumu ya mabehewa kwenye karakana ya reli kwa miaka thelathini na moja, kisha akastaafu. Tunapiga uani kwake Jumapili baada ya misa, na tukimaliza tunakula bukari, ndio ugali wetu. Wimbo mpya tunajifunza kwa sababu mtu amekufa.

Ndivyo wazee wetu waliotoka Kasai walivyokianzisha kikundi. Mtu akifariki hazikwi kwa wimbo wa jumla. Anapigiwa wimbo wa kijiji cha mama yake, na lazima ufundishwe na mtu wa damu yake. Basi kila kilio mmoja wetu anatumwa kwenda kuketi na ndugu wa marehemu. Anaimbiwa, anarudia, anasahihishwa, mpaka mwenye wimbo aridhike. Kazi hiyo ilikuwa ya Ruphin. Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa jina tu. Yeye akisikia wimbo mara tatu anaondoka nao. Mimi nikisikia mara tatu naondoka na njaa.

Aliifanya kwa kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa kizuri. Kuna bibi mmoja aliyetoka kijijini kwao akiwa na miaka sita, hakurudi tena. Siku tulipopiga wimbo wa kwao kwenye kilio cha kaka yake, alisimama akacheza na mkongojo, kisha akamkemea Ruphin kwamba anapiga mbiombio, na marehemu hakuwa mtu wa haraka. Ruphin alijisifia kemeo hilo miezi mitatu.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mke wake Christiane aliugua homa. Siku ya tatu akafa.

Christiane hakuwa Mkasai. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, upande wa Moba, binti wa mchimba madini. Walipotaka kuoana pande zote mbili zilinung'unika sana, kisha zikala harusi zikanyamaza. Sasa uani kukatandazwa mikeka, turubai likafungwa, wanawake wakajaa. Saa ya kutoa jeneza ilipofika, Aaron akaniangalia.

"Papa Stani, wimbo iko wapi?"

Sikuwa na wimbo. Mletaji wa nyimbo alikuwa ameketi chini ukutani, hana viatu, anatazama miguu yake. Kwenda kuutafuta ilikuwa zamu yangu, na nilikuwa na siku mbili nzima. Katika siku hizo mbili nilitafuta turubai, nilitafuta viti, nilitafuta sufuria kubwa za kupikia bukari. Kila kitu nilitafuta isipokuwa hicho kimoja, kwa sababu nilizoea kwamba nyimbo huja zenyewe na Ruphin. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini vinyozi wenzake tulikuwa tumelala.

Tukapiga wimbo wa mama mwingine tuliyemzika mwezi wa kwanza, kwa kuwa ndio mikono ilikuwa inaukumbuka. Albertine, dada mkubwa wa Christiane, yaya kama tunavyosema kwetu, akatoka kwenye mkeka akasimama mbele ya madimba.

"Hii wimbo ni ya nani?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Muko nazika mudogo wangu na wimbo ya muntu mungine," akasema. "Hata imbwa banaiitaka na jina yake."

Akachukua kitambaa chake akarudi nyumbani Makomeno. Kaburini hakufika. Ruphin alisikia kila neno, maana nilimtazama. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na mimi nikaendelea kupiga kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Baada ya hapo Ruphin akaanza kuleta nyimbo bila kilio. Jumatatu alikwenda kwa mzee mmoja wa Kabinda, akarudi na wimbo wa mapacha. Juma lililofuata akaleta wimbo wa kumwachisha mtoto ziwa. Akaleta wa tohara, wa kupalilia, wa kumcheka mvivu. Alizifungua mbao zote za madimba akabandika upya utando wa buibui kwenye matundu ya vibuyu, ule unaoitia sauti mtetemo. Alijifunza wimbo mpaka usiwe na kosa, akatufundisha kwa nguvu, kisha akauacha kabisa na kwenda kutafuta mwingine. Kwa mwaka mmoja zilifika ishirini na sita. Aaron alichoka kuliko mimi.

"Papa Ruphin, nani alikufa?"

"Hakuna."

"Sasa hii wimbo ni ya nini?"

"Ya kujifunza."

Hakulia. Alikula alichowekewa, akilalamika chumvi pale ilipostahili kulalamikiwa. Binti yake Keren akipiga simu kutoka Kolwezi alimwambia, "Tuko bien, tuko muzuri," akamrudishia salamu, akakata. Ukilitaja jina la Christiane alikutazama kama mtu anayengoja treni ya mizigo ipite ndipo avuke. Watu wa mtaa wakasema mzee amesahau upesi, wengine wakaanza kumtajia wajane. Mimi sikuamini kwamba amesahau, ila sikuwa na ujasiri wa kumuuliza. Nilikuwa naona haya. Kila Jumapili niliketi kando yake nikiona haya, nikapiga, nikala, nikaenda nyumbani.

Mwaka ukaisha, ikapangwa siku ya kumaliza kilio, Jumamosi. Kwetu nguo za kilio zikishavuliwa, marehemu hapigiwi tena. Albertine akatuma neno: atakuja, lakini akisikia wimbo wa mtu mwingine kwa mara ya pili, atachukua picha ya mdogo wake na vitenge vyake, kilio kitamalizikia Makomeno, na watu wa Bel-Air hatawajua tena. Nikamwendea Ruphin.

"Twende kwa yaya Albertine, atufundishe."

"Niko na wimbo ya Babindi, ba kwetu Kasai," akasema. "Iko muzuri. Inatosha."

"Haiko ya Christiane!"

Akachukua kipande cha mpira akaanza kukizungushia kichwa cha fimbo ya kupigia.

Nikapiga moyo konde nikaenda Makomeno peke yangu. Jumapili ya kwanza Albertine aliniweka kwenye kigoda nje toka saa nane mpaka jua likazama, akipita na ndoo kama sipo. Jumapili ya pili akaimba. Ulikuwa wimbo wa wanawake wa kijiji cha mama yao, wa kutwanga mihogo, na katikati una kimya, pale mchi unapopanda. Kimya hicho ndicho kilichonishinda. Kila mara niliingia kabla ya wakati.

"Ngoja!" alinipigia kelele. "Muchi iko bado mu yulu!"

Jumapili tatu zaidi nilikwenda. Alipoona siku zimekwisha akasema basi, kichwa changu ni kigumu lakini nimekuja, na kuja nako ni kitu.

Jumamosi ikafika. Picha ya Christiane iliwekwa kwenye kiti, ikavalishwa kitenge. Nikaketi kwenye madimba nikaanza. Wanawake wa upande wa Moba waliutambua, wakainua vichwa. Nikafika kwenye kimya, nikaingia mapema. Nikazunguka tena, nikaingia mapema tena. Jasho likanitoka. Nikamwona Albertine anauma midomo.

Ruphin akainuka kitini. Alikuja mpaka mbele yangu akanyoosha mkono.

"Uko nakosa," akasema. "Toka."

Nikamwachia. Aliuanza mwanzo, polepole, na kilipofika kimya alikiacha kikae, kirefu, mpaka nikaogopa kwamba amesahau, kisha mchi ukashuka mahali pake. Akapiga na ubeti ambao Albertine hakunifundisha. Albertine mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameupoteza tangu mama yao afe. Ruphin hakuwa anajifunza pale. Alikuwa anaujua wote. Aliufuata kwa mama mkwe wake miaka thelathini na nane iliyopita, kabla ya mahari, na ulikuwa wimbo wa kwanza katika maisha yake kwenda kuutafuta.

Hasira zikanipanda. Sikujali watu.

"Ulikuwa naiyua? Mwaka muzima, Ruphin?"

Alinijibu bila kuinua macho, mikono ikiendelea.

"Mukono ikikala bule, inaanza hii. Njo maana natafutaka zingine."

Kumbe zote ishirini na sita zilikuwa za kuuzuia huu mmoja. Hasira ikaniishia palepale.

Akaupiga mpaka mwisho. Akazilaza fimbo juu ya mbao, akaitazama picha, akamtazama Albertine.

"Yaya," akasema. "Sasa alisha kufa."

Akalia kwa sauti, mzee wa miaka sitini na sita, mbele ya watu wa pande zote mbili, na Albertine akaja akakaa naye chini kwenye mkeka.