Upanga wa Buluu Nilioung'arisha

Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa usafi, mji mzima wa Katy, huku ughaibuni, usingenipatia mwenzangu. Nilianza na ndoo moja na dekio. Miaka ya tisini ikiisha nilikuwa na gari tatu zenye jina langu ubavuni.

Nyumba moja nilikwenda mwenyewe, simwachii mfanyakazi. Ilikuwa ya mzee wa Kizungu aliyefiwa na mkewe, macho yake yamebaki kuona mwanga tu. Sebuleni alitundika upanga wa babu yake, ofisa wa jeshi huko Ulaya. Haukuwa wa vita, ulikuwa wa kuvaa kwenye gwaride: mpini kichwa cha simba, macho yake vijiwe vyekundu. Jumamosi binti yake angekuja kuuchukua, mzee ahamie makao ya wazee.

"Uufute vumbi tu, rafiki yangu," mzee aliniambia.

Vumbi tu! Mimi? Bibi yangu, kule Tanga, alinilea nikisugua sinia za shaba kwa ukwaju na majivu kila Idi ikikaribia. Upanga niliubeba hadi nyumbani kwangu; ukwaju niliupata duka la Wameksiko, majivu kwenye jiko letu la kuchomea nyama.

"Baba watoto, si umeambiwa vumbi?" mke wangu aliuliza.

"Wewe subiri."

Nilipouchomoa alani, nusu ya bapa ilikuwa buluu iliyokoza, yenye michoro ya majani ya njano. Nikajua ni chuma kilichobabuka kwa moto. Nikasugua. Buluu ikayeyuka, njano ikahamia kwenye kitambaa. Ukawa mweupe kama kijiko kipya, nikampelekea kitini kwa maringo.

Alipapasa bapa kwa kidole gumba. "Buluu yake bado imekoza? Na majani? Ile ni dhahabu halisi. Nataka binti yangu aione."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu. Ningesema ndiyo, asingejua mpaka Jumamosi.

"Nimeitoa yote, mzee. Nilidhani uchafu."

Mkono wake haukutoka kwenye upanga.

"Basi wewe ndiye wa mwisho kuiona," alisema. "Nieleze, nipate kumsimulia. Yalikuwa majani ya mti gani?"

Mimi, ambaye doa halinipiti! Nilitafuta kichwani jani hata moja, sikulipata.

"Sikuyatazama, mzee."

Nikamwekea kitambaa kiganjani, nikamwambia dhahabu imo humo. Akakikunja polepole, mara nne, akakitia mfuko wa shati.