Kesi ya Mashine ya Mama Tatu

Vumbi likiungua nyuma ya televisheni lina harufu yake, kama nywele zilizobabuliwa na kitana cha moto. Juzi niliinusa kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, ikitoka kwenye mtambo wa kuonyeshea picha ukutani, wakati baba mmoja mwenye tai akitueleza kwamba gemu za simu ndizo zinazowafanya watoto wetu wawe wakatili. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mimi niliinama, maana uongo ule naujua. Niliutunga mwenyewe nikiwa na miaka kumi.

Ilikuwa Mwembesongo, Morogoro, miaka ile viwanda vilipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa kazi. Jirani yetu Mama Tatu alirudi nyumbani na kiinua mgongo chake, akakigeuza televisheni ya mtumba na mashine ya gemu, akaviweka sebuleni, tucheze kwa kulipia. Kila tukitoka shule tulijazana humo na jasho letu na maganda ya miwa, milima ya Uluguru ikionekana dirishani bila mtu wa kuitazama. Gemu ilikuwa moja tu: wanaume wawili vifua wazi wanapigana mateke mpaka mmoja afe, kisha anafufuka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na laifu tatu. Ilikuwa gemu ya kipuuzi, na sisi tulioishangilia tulikuwa wapuuzi zaidi. Yule mnene mwenye kipara tulimwita Mzee Maganga.

Mzee Maganga wa kweli alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuwa mlinzi kiwandani. Sisi ni Waluguru, kwa hiyo alikuwa mtani wa bibi yangu, na kila asubuhi akipita uwanjani kwetu bibi alimpokea kwa matusi.

"We mbeba mizigo, hujarudi tu kwenu?"

"Nirudi vipi? Watumwa wangu wala magimbi nitawaachia nani?"

Wakishatukanana vya kutosha, bibi anamkaribisha uji. Mtani aliruhusiwa kukunyang'anya kofia, hata kuondoka na kuku wako, nawe usinune. Kumuumiza ndiko hakukuwamo. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na ninawaomba mlikumbuke.

Jioni moja tumetoka kwa Mama Tatu, Mzee Maganga akawa anakuja kando ya mtaro, anajiimbia. Wenzangu wakaanza, "Huyo hapo! Mmalize!" Nilikuwa msichana pekee katika kundi lile, na nilikuwa na njaa ya kusifiwa. Nikamkimbilia, nikampiga teke nyuma ya goti kama tulivyozoea kwenye kioo cha televisheni. Akaangukia mtaroni. Niliusikia mfupa ukivunjika. Alikuwa anapapasa akitafuta kofia yake, macho kayafumba.

Watu wakaja mbio, bibi yangu nyuma yao. Nilipouona uso wake nikaangua kilio, nikasema, "Gemu ndiyo iliyonifundisha! Nilidhani atainuka."

Sikudhani hivyo hata kidogo.

Wakubwa walilipokea jibu langu kama maji ya baridi. Kikao kikaitishwa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Ustadhi na mwalimu wa shule ya Jumapili, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya zamu za bombani, walikubaliana siku hiyo kwamba shetani kaingia mtaani kwa njia ya waya. Mjumbe mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulizoea kumsikia akimpiga mkewe, alisimama sauti ikimtetemeka kwa uchungu wa watoto wanaofundishwa ukatili. Mkewe alikuwa akigawa chai, jicho limevimba. Wakubwa wale nawadharau mpaka leo. Mama Tatu peke yake ndiye aliyeuliza jambo la maana: mbona wengine wote wanaocheza hawajampiga mtu? Akaambiwa akae chini. Mashine ikatiwa kwenye gunia ikahifadhiwe kwa mjumbe, ambako wanawe waliicheza mpaka ikafa. Mama Tatu akaanza kukaanga mihogo ya kuuza barazani.

Bibi hakwenda kikaoni. Aliniambia mara moja tu, huku akichambua mchele, "Ungesema ni wewe, ningekupeleka kwa mtani wangu tukamwombe radhi. Sasa nimpeleke nani, mashine?"

Miezi ikapita. Siku moja nimesimama kwa Mama Tatu na kisahani cha mihogo, Mzee Maganga akatokea na mkongojo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mtumwa wangu." Akaninyooshea mkongojo. "Pitia mbali huko. Mwenzio nimebaki na laifu moja."

Watu wakacheka. Yeye alibaki kaegemea fimbo yake, ananitazama, muda mrefu kuliko utani unavyohitaji. Mama Tatu aligeuza mihogo bila kucheka. Nami nikacheka na watu.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba siku ile alinifungulia mlango, tena mbele ya mwanamke niliyemharibia riziki. Alijua. Alikuwa ananingoja niseme, aniite mshenzi, anisamehe, yaishe. Wote wawili wamekwisha kufariki.

Juzi, yule baba mwenye tai alipomaliza, aliuliza kama kuna mzazi mwenye la kusema. Nilikuwa nalo. Nikapiga makofi pamoja na wenzangu.