Fortunata na Uso Uliotoka Nyuma ya Kanga

Anayetaka kutengeneza vikaragosi na kuviuza, aende Rutamba akamwulizie Fortunata, mke wa Stephano. Ila ale kwanza kabla ya kwenda. Huyu mama, ambaye zamani ukimsalimia alikuwa anajibu huku anatazama vidole vyake vya miguu, siku hizi akianza habari za gundi hanyamazi mpaka ugali uungue.

Alianza miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na mitumba ikawa inamwagwa gulioni kwa marobota. Kila robota lilikuwa na soksi zilizopoteza wenzao, na Bakary muuza mitumba alizitupa. Fortunata akaziomba, akidai ni za kushikia sufuria. Jioni moja mwanawe, Brighton, akagoma kula. Mama mtu akatia mkono kwenye soksi ya kijani, na ile soksi ikamwomba mtoto kwa adabu zote imsaidie kumaliza mlenda wake. Brighton alikula mpaka akalamba sahani, na kesho yake watoto wa majirani wakaja kugoma kula kwao.

Basi ugonjwa ukamwingia. Kutoka kwenye soksi akapanda kwenye vichwa. Magazeti nayo yalikuwa yameongezeka sana miaka ile, yakifika Rutamba yamefungia maandazi, na Fortunata hakuacha ukurasa upotee. Alifinyanga uso wa udongo, akaupaka mafuta ya ufuta, akabandika juu yake vipande vya gazeti kwa uji mzito wa unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka. Kichwa cha kwanza alikianika juani kwa haraka zake, kikapasuka kutoka paji la uso hadi kidevuni. Tangu hapo anaanika kivulini penye upepo, na ukimtajia jua anakushangaa. Kikikauka anakipasua kwa wembe, anautoa udongo, anayaunga mapande mawili tena. Kichwa lazima kiwe chepesi, atakwambia, maana mkono wa mtoto ukichoka kikaragosi kinatupwa uvunguni. Tundu la shingo liingie kidole cha mnunuzi, si cha fundi. Na macho yatazame chini kidogo. Yakitazama mbele, yanamruka mtoto na kumwangalia baba yake.

Mende walimtesa. Walikuja usiku wakala pua za watu wake wote, kwa sababu ya ule uji wa muhogo. Akajaribu kuupika uji kwa maji ya majani ya mwarobaini, mende wakahama. Uchungu wa mwarobaini ukawafundisha na watoto kutolamba vichwa. Macho anashona ya vifungo, tena kwa uzi maradufu. Wapo waliomshauri atumie zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinapendeza kweli, lakini ni sumu, na Fortunata hutukana kwa nadra sana ila hapo hutukana.

Tatizo lilikuwa kuuza. Madukani Lindi walishafika wanasesere wa plastiki wanaofumba macho ukiwalaza, na kikaragosi kilicholala mkekani ni gunzi tu lililovaa nguo. Lazima kichezwe. Nani akicheze? Fortunata alikuwa na haya kupita kiasi. Mtu mzima, mke wa mtu, anaongea na mkono wake mbele ya gulio zima? Akapata wazo, akaliona la maana sana: akafunga kamba kati ya miti miwili, akatundika kanga mbili mpaka chini, akajificha nyuma yake. Siku hiyo alikuwa na kazi yake bora kuliko zote, uso wa mzee mwenye mikunjo na nembo za chale mashavuni kama wazee wa ukoo wa mumewe. Akaunyanyua taratibu juu ya kanga, ukageuka kushoto, ukageuka kulia.

Wanawake wa Kimakonde waliokuwa wanapima dagaa wakatupa vikopo na kukimbia.

Hapa lazima niseme jambo. Fortunata ni Mmwera wa Rutamba, amekulia misheni. Stephano ni Mmakonde, wazee wake walishuka kutoka Newala. Kwao lipiko ni kinyago kinachovaliwa kichwani na mchezaji kwenye ngoma za jando, na mambo yake ni siri ya wanaume. Mwanamke hakitengenezi, wala haulizi ndani yake yumo nani. Fortunata alijua habari hizo kama mgeni anavyojua, kwa kukimbia wenzake walipokimbia. Haikumjia hata kidogo kwamba siku moja yeye ndiye atakayekimbiwa.

Kabla ya jua kuzama, Mzee Likwata alikuwa uani kwao. Huyu alikuwa mjomba wa Stephano, na kwa Wamakonde mjomba akisema, baba hukaa kimya. Tena ndiye aliyekuwa mkuu wa ngoma.

“Mama Brighton,” alisema bila kukaa, “nani amekufundisha?”

“Hakuna, mjomba. Ni vitu vya watoto tu.”

“Watoto hawakukimbia. Mama zao ndio waliokimbia. Gulio lijalo nitapita na wenzangu. Nikikuta lipiko mikononi mwa mwanamke, vyote vitachomwa, na Stephano atatoa mbuzi mbele ya wazee. Mmenisikia?”

Stephano akaitikia kwa niaba ya wote wawili. Mzee alipoondoka akamgeukia mkewe, naye si mtu mbaya, aliogopa tu. “Viache, mke wangu. Tuna ufuta, tuna mihogo. Unavitakia nini?”

Fortunata angemwelezaje? Maisha yake yote alikuwa binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani. Vikaragosi ndivyo vilivyofanya siku moja mwanamke mgeni ashuke kwenye gari gulioni na kuuliza, “Fortunata ni yupi?” Aliingia ndani akavikumbatia kwenye kapu lao, akalia mpaka gazeti la shavu moja likalegea.

Siku zilizofuata alitwanga, alipalilia, na kichwani alikuwa anachambua. Ni nini hasa kiliwakimbiza wale wanawake? Ule uso? Lakini nyuso za kuchonga zilikuwa zikiuzwa Lindi mjini kwa wazungu, zimepangwa barazani, na kina mama hao hao walipita mbele ya nyuso hizo na ndoo kichwani bila kujikuna. Basi si uso. Akakumbuka ngomani: mchezaji amefunikwa nguo kuanzia shingoni hadi unyayoni, huoni ngozi, huoni mtu. Hicho ndicho kilichotisha, uso usio na mwenyewe. Na yeye, kwa haya zake, alikuwa ametundika kanga mpaka chini na kutoa uso usio na mwenyewe katikati ya gulio! Kama angetaka kuwakosea makusudi asingeweza kupatia zaidi.

Dawa yake aliijua papo hapo, na ilimtisha kuliko moto. Ilikuwa ni kutoka nje.

Siku ya gulio hakuleta kamba wala miti. Ule uso wa mzee aliuacha nyumbani. Nembo za watu si zake kuzichezea, hilo alilikubali mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda mbele ya watu, akakunja mkono wa blauzi hadi begani, akauinua mkono mtupu watu wote wauone. Kisha, polepole, akauvika kikaragosi cha kitoto chenye meno mawili. Bakary akamwona midomo inatetemeka, akatazama pembeni kwa huruma.

“Mama,” kile kitoto kikasema, “mbona unatetemeka? Unanitingisha.”

“Nyamaza wewe,” Fortunata akajibu.

“Ninyamazeje na wewe ndiye unayeongea?”

Mtu mmoja akacheka. Fortunata akakikemea kikaragosi, kikaragosi kikamjibu, wakaanza kugombana kuhusu nani aliyeunguza ugali, na watu wakasogea. Wale wauza dagaa wakawa wa mwisho kusogea, lakini walisogea. Mabishano yale yalikuwa matamu kuliko chochote alichowahi kukificha nyuma ya kanga. Hajayaacha mpaka leo, na kila anayejifunza kwake analazimishwa kugombana na mkono wake kwanza.

Kisha watu wakapisha njia. Mzee Likwata alikuwa amefika, na wenzake watatu nyuma yake. Kicheko kikakatika. Akasimama akautazama mkono wa Fortunata, ulio wazi kuanzia kiwiko hadi bega, unaong'aa jasho. Fortunata alibaki kwenye kigoda. Mkono ndio uliopiga magoti kwenye paja lake.

“Shikamoo, babu,” kikasema kile kitoto.

“Marahaba, mjukuu wangu,” Mzee Likwata akaitikia, kwa mazoea ya miaka yote, kabla hajajua anamwitikia nani.

Mzee akaguna. Mabega yake yakaanza kutikisika, mwanzo kidogo, halafu akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akaishikilia fimbo. Akawageukia wenzake akijifuta macho.

“Lipiko halimwamkii mtu,” akasema. “Hiki kimeniamkia. Na mwenyewe huyu hapa, anaonekana. Mwacheni mke wa mwanetu afanye kazi yake.”

Fortunata alitaka kumshukuru. Akabaki anamtazama mzee huku kidevu kinacheza. Basi kile kitoto kikanyanyuka tena gotini, kikamwangalia Fortunata, kikasema kwa ajili yake, “Asante, babu. Mama anasema asante.”