Mmanga na Wageni Wenye Adabu Mno

Mmanga Mbarouk ana kazi ambayo mama yake, Bi Nassra, mpaka leo hajaweza kuwaeleza majirani wa Mkunazini wakamwelewa. "Anatembeza wageni," husema. "Anawatembeza wapi?" huulizwa. "Humu humu." Na hapo mazungumzo hufa, kwani majirani hawaoni vipi mtu mzima alipwe kwa kupita vichochoro ambavyo wao huvipita bure kila siku na vikapu vya samaki mkononi.

Lakini usimfananishe na mapapasi wa bandarini, wale wanaomdandia mgeni hata hajatia mguu nchi kavu. Utamuudhi. Mmanga ana kitambulisho shingoni, ana shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, na zaidi ya yote ana mawaidha. Ah, mawaidha! Mgeni akikaa naye kutwa moja hupata ya mwaka mzima. Ajitande mabega, avae nguo ivuke magoti, kwa sababu mji huu una watu wanaokwenda kuswali. Asimpige mtu picha bila ya kumwomba ruhusa, na akiomba akakataliwa asijifanye anapiga picha mlango ulio nyuma ya mtu huyo. Mwezi wa Ramadhani chupa ya maji ikae mkobani, inywewe ndani. Akienda Jozani asimsogelee kima punju kwa kuwa tu kima hakimbii. Kima hakimbii kwa sababu yuko kwao. Akipotea Mji Mkongwe aachane na ramani ya simu, itampeleka jikoni kwa watu. Ashike njia yoyote aende nayo, atatokea baharini au atatokea Darajani. Na kabla hajakodi chumba Paje au Jambiani aulize maji yanajaa lini, kwani wapo waliolipia chumba kinachotazama bahari, wakaamka asubuhi wakakuta bahari imekwenda zake mbali huko, wakashuka mapokezi kulalamika.

Yote hayo ni mazuri, na yote ni ya kweli. Tatizo la Mmanga ni kwamba akishakuwa na ukweli mmoja huupenda mpaka anausahau ukweli wa pili. Na ukweli alioupenda kuliko wote ni ule wa neno "karibu".

Huo aliupata kwa Bi Nassra, na hakuupata bure. Alikuwa mtoto mwenye pua kali. Pilau ikipikwa mtaa wa tatu yeye yuko mlangoni. Bi Nassra akamfinya masikio mpaka likaingia: mtoto anayekubali chakula cha kila mlango anaitwa mdoezi, na mdoezi hata akifa watu watasema kafuata harufu ya hitima yake mwenyewe. Unguja ukimpita mtu anakula, atakukaribisha. Lazima akukaribishe. Nawe lazima ujibu "starehe", uendelee na safari yako. Yeye kaonyesha ukarimu, wewe umeonyesha adabu, na wali umebaki kwa mwenyewe. Kila mtu kafurahi.

Wageni hawakuwa wakilijua hilo. Walikuwa wakikaribishwa na muuza duka anayekula muhogo wake wa mchana, wao wakavuta kiti, wakala. Mmanga alikuwa akitamani ardhi ipasuke. Ndipo akaanza kuwafundisha, na kwa vile hakuwa mtu wa kufundisha nusu, akawa anawatega. Njiani anatoa embe, anasema, "Karibuni." Anayenyoosha mkono anachekwa. Anayeweka mkono kifuani akasema "Ahsante, starehe" anapigiwa makofi. Hata akiwaambia "kuleni tu, leo nnasema kweli," wasikubali, kwani huo ndio mtego wenyewe. Wageni waliupenda mchezo huo kuliko ziara za viungo.

Sasa ngoja nikwambie lililokuwa likimnyima Mmanga usingizi. Alikuwa akimpenda Riyama wa Makunduchi, msichana anayetengeneza sabuni za mwani na mwenye ulimi wa kuchambua watu mifupa. Alimpenda, basi, hapana haja ya kulipamba. Baada ya Idi akamtuma mjomba wake, Mzee Amour, akapose. Mzee alipokewa vizuri, akapewa kahawa na haluwa, kisha mama yake Riyama, Bi Mwanakhamis, mjane ambaye neno lake ndilo linalosimama katika nyumba ile, akasema, "Tumesikia. Tutaangalia." Mjomba akarudi mjini na "tutaangalia" yake. Wiki zikapita, hapana aliyeangalia kitu. Mmanga akawa anaigeuza geuza "tutaangalia" ile kichwani: ni ndiyo inayosita, au ni hapana yenye heshima?

Siku chache kabla ya Mwaka Kogwa, Riyama akampigia simu.

"Mmanga, mama hana mgeni."

Hapo hakuhitaji kuelezwa. Makunduchi siku ya Mwaka watu hupigana kwa vipande vya migomba mpaka vinyongo viishe, kibanda cha makuti kikachomwa moto, wanawake wakaimba mashambani na kanga mpya, halafu watu huingia majumbani kula. Na kila nyumba sharti ipate mgeni. Nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huuanza mwaka vibaya. Mgeni wa Bi Mwanakhamis miaka yote alikuwa rafiki yake Bi Mwatima wa Kiembe Samaki, naye safari hii alikuwa kitandani, kavunjika mguu.

"Hilo tu?" Mmanga akasema. "Nina wageni wanane wa Kiholanzi. Nitamletea wote!"

"Walete, lakini usiwaambie kitu. Mama hataki mgeni wa kuagizwa kama soda. Anataka asimame mlangoni mwake, akaribishe, mtu aingie kwa hiari yake."

"Khalas. Jambo dogo."

"Si dogo. Kanambia nyumba yake ikipata mgeni, siku hiyo hiyo atamjibu mjomba wako. Isipopata, hataki kusikia habari ya harusi mwaka huu wote."

Mmanga alifurahi mpaka akaenda kununua shati jengine jeupe. Mbele yake palikuwa na jambo rahisi kuliko yote duniani, kumpa mwenye chakula watu wenye njaa. Siku ya Mwaka akawapakia Waholanzi wake katika basi dogo la kukodi, na kwa kuwa njia ya Makunduchi ni ndefu na moyo wake ulikuwa mweupe, akawachezesha mchezo wao. Karanga, "Karibuni!" Wanane kwa sauti moja, "Starehe!" Ndizi, "Karibuni!" "Starehe!" Hodari wao alikuwa bibi mmoja mwenye kofia pana, Marijke, ambaye Mmanga alimwita Bi Mariki naye akaridhika. Huyo alikuwa akitamka "starehe" vizuri kuliko baadhi ya watu wa bara ninaowajua mimi. Mmanga akamsifu mno. Maskini, hakujua anajichimbia shimo.

Kule kiwanjani mambo yalikwenda sawa. Wageni walisimama mbali na migomba inayorushwa, wakaomba ruhusa ya picha, wakachekwa na wanawake katika nyimbo ambazo, kwa bahati njema, hawakuzielewa. Kibanda kikawaka, kikateketea. Jua likapanda, matumbo yakaanza kunguruma, na Mmanga akawaongoza taratibu kwenye kijia kinachopita mbele ya nyumba ya Bi Mwanakhamis.

Alikuwa amesimama mlangoni, kavaa kanga mpya ambayo bado ilikuwa inanukia duka, upawa mkononi. Nyuma yake ukumbini palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka sinia la wali wa nazi, mchuzi wa pweza, kuku, na bakuli la bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama, lililomwagiwa samli. Riyama alisimama kando ya mlango, na macho yake yalikuwa yakimwambia Mmanga, leo.

"Karibuni!" Bi Mwanakhamis akasema kwa sauti ya mtu aliyeingoja siku hiyo. "Karibuni chakula!"

Wageni wanane wakasimama. Wakatazamana. Wakatabasamu. Mikono minane ikaenda vifuani.

"Ahsante, starehe!"

Na wakapita.

Bi Mwanakhamis akadhani hawakumfahamu. Akatoka nje, akapunga upawa. "Jamani karibuni, chakula tele!" Bi Mariki akageuka, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akajibu, "Starehe, Bibi, starehe!" kisha akamkonyeza Mmanga kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kwamba mtego kauona.

Mmanga akawakimbilia. Akawaambia kwa lugha yao, akawaambia kwa Kiingereza, akawaambia kwa mikono: leo ingieni, leo ni kweli, mwenyewe anataka, wallahi. Wakacheka mpaka mmoja akashika mti. Huo ndio mtego wenyewe, si alisema mwenyewe? Akaapa. Wakapiga makofi kwa namna alivyoapa. Wakaenda zao hadi kwenye basi, wameshiba adabu, matumbo matupu.

Akarudi peke yake. Majirani walikuwa wamekwisha kuchungulia. Upande wa pili wa kijia, katika nyumba zote, vilikuwa vikisikika vicheko vya wageni na mlio wa masinia, na nyumba ya Bi Mwanakhamis ilikuwa kimya.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis."

"Marahaba. Wageni wako wana adabu."

"Nisamehe. Kosa langu, mimi ndiye niliyewafundisha..."

"Naona. Basi karibu wewe."

Na hapa, msomaji, nataka umsikitikie, kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka kumpiga. Miaka thelathini ya masikio yaliyofinywa ilimjia kinywani kabla akili haijafika.

"Ahsante, starehe," akasema Mmanga. "Nshakula."

Riyama akafumba macho.

Bi Mwanakhamis akauweka upawa chini. Hakupandisha sauti. "Unawajua wageni wako, mimi nnakujua wewe. Mwaka juzi ulipita hapa, nikakukaribisha, starehe. Mwaka jana umekuja kununua sabuni, chakula kiko mkekani, nikakwambia karibu, nshakula. Mjomba wako kakaa kwenye mkeka huu, kanywa kahawa yangu mpaka ya tatu. Wewe hujapata kutia tonge la nyumba hii kinywani. Nikajiuliza, kijana wa mjini huyu anakiona vipi chakula chetu cha shamba? Na kama chakula changu hakili, mtoto niliyemlea kwa chakula hicho anamtakia nini?"

Mmanga akasimama pale, shati jeupe limemganda mgongoni. Kumbe hiyo ndiyo "tutaangalia". Wao walikuwa wakimwangalia yeye, na kila alipojiona ana adabu, wao waliona ana maringo. Aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake, na ndani ya haya hiyo mlikuwamo furaha ya kijinga, kwani dawa yake ilikuwa imetandikwa pale kwenye mkeka, ina samli juu.

Akavua viatu. Akanawa. Akakaa, akasema Bismillahi, akala.

Alikula wali, akala pweza, akala kuku, akalirudia bokoboko. Alikula kwa niaba ya Waholanzi wanane. Jirani mmoja akaja kuazima chumvi asiyoihitaji, akamwona, akaenda kuwaambia wenziwe, wakaja kuazima chumvi wote. Bi Mwanakhamis akawa anajibu kwa Kimakunduchi cha mbio ambacho Mmanga hakukipata hata nusu, lakini neno "mgeni" alilipata, na lilitajwa kwa sauti kubwa.

Mara kivuli cha kofia pana kikaingia mlangoni. Bi Mariki alikuwa amekuja kumtafuta kiongozi wao. Alipomwona mwalimu mzima, mkono katika sinia, mafuta mpaka kiwiko, akashika mdomo.

"Mmanga! Adabu!"

Mmanga hakuweza kujibu, kinywa kilikuwa kimejaa. Bi Mwanakhamis naye hakusema karibu tena, alishaona maneno hayafai kitu kwa watu hawa. Akamshika Bi Mariki mkono, akamvuta, akamketisha mkekani, akamtilia tonge mkononi. Baada ya muda mfupi wote wanane walikuwa ndani, na Riyama alikuwa akikimbia kutafuta sahani kwa jirani mwenye chumvi.

Alasiri Mmanga akanyanyuka kwa taabu, akafunga vishikizo vilivyokubali kufungika. "Ahsante kwa chakula, Bi Mwanakhamis. Sasa nnakwenda, wageni wasichelewe mjini."

"Ngoja."

Akaenda uani. Aliporudi alikuwa na jembe, mpini wake umelainika kwa miaka ya mikono yake na ya marehemu mumewe. Akampa.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe nimekuvumilia miaka miwili. Huu wa tatu."

Mmanga akalipokea, hajui alishike wapi. Riyama alikuwa ameuficha uso kwa ncha ya kanga, lakini mabega yalikuwa yakimcheka.

"Mwambie Mzee Amour aje Ijumaa, jibu lake liko tayari. Na wewe, nyuma kuna matuta ya muhogo yananisubiri. Matuta mawili tu, kisha uwarudishe watu wako."

"Leo hii, Bi Mwanakhamis?"

"Leo. Na hilo la Bi Mwanakhamis liache kwa wageni."

Mmanga akatazama shati lake jeupe, akakunja mikono hadi juu ya viwiko.

"Haya," akasema. "Nianzie tuta gani, mama?"