Gari la Mabomba Mepesi

Mume wangu alikuwa dereva wa mbio za magari, zile za kuzunguka kiwanja cha udongo huku magari yanasukumana na kugongana mpaka mabati yananing'inia. Alilipwa kwa kazi hiyo. Watu wa kanisani kwetu, mtaa wa La Rochelle, walipouliza anafanya nini, nilijibu kwamba ni dereva, wakafikiri anaendesha teksi, nami nikawaacha wafikiri hivyo. Sikupenda kuieleza kazi yenyewe. Kila nilipoieleza, niliiona mbele ya macho yangu.

Mwenye gari alikuwa na gereji Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, mkarimu, aliyetuletea keki binti yetu alipofikisha miaka tisa. Mume wangu alimheshimu mno. Tulikuwa wahamiaji; kibali chake cha kazi kilipita mikononi mwa mtu huyo, na hata chumba tulichopanga kilikuwa cha shemeji yake.

Baridi ilipoanza, gari likajengwa upya. Mume wangu akaniambia bosi anataka nishone vifuniko vya sponji vya kuvika mabomba yaliyo ndani. Gari la mbio halina vioo wala viti vya abiria; ndani limezungushiwa mabomba ya chuma yaliyochomelewa kama kizimba, ili likipinduka paa lisimwangukie dereva. Dereva akitikiswa hujigonga kwenye mabomba hayo, ndiyo maana yanavikwa sponji. Mimi ni fundi wa nguo, hiyo ilikuwa kazi rahisi. Nikachukua futi yangu ya kupimia nikaenda.

Nilimkuta fundi magari peke yake, Mtanzania wa Tanga, mtu mpole ambaye siku zote aliniita shemeji. Alikuwa anachomelea kitu pembeni. Mabomba ya zamani yalikuwa yametupwa sakafuni, na moja likanizuia njia. Nikainama kulisogeza, nilihitaji mikono miwili. Kando yake kulikuwa na kipande kilichobaki cha bomba jipya, upana uleule, rangi ileile nyeusi. Hilo nililiinua kwa mkono mmoja kama mwiko wa bugali. Nikachungulia penye ncha iliyokatwa. Chuma chake kilikuwa chembamba kama cha sufuria.

"Shemeji," nikasema, "ndiyo mmeweka haya?"

Akazima mashine. "Shemeji, wewe pima sponji yako."

"Nakuuliza."

Akatazama mlango wa ofisi kwanza. "Gari likiwa jepesi linakimbia. Bosi anataka kushinda."

"Na wakaguzi?"

"Wakaguzi wanatoboa tundu dogo kwenye bomba, wanapima unene wa chuma. Kila mara wanatoboa palepale, ubavuni mwa dereva. Hapo tumeacha bomba zito." Akajifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshatakata. "Mimi sikukuambia kitu. Tafadhali."

Nilipima. Nikarudia vipimo na bado sikuviamini. Nilipoingiza kichwa ndani ya gari kufikia bomba la juu, nikaona kiti cha mume wangu na mkanda wake, na paa likiwa karibu sana na mahali kichwa chake kinapokaa. Nikatoka haraka kama mtu aliyeingia chumba kisicho na hewa.

Jioni hiyo nilimsubiri mume wangu amalize kula. Nilikuwa nimejipanga kumweleza polepole ili asipatwe na hasira akaenda kugombana na bosi.

"Papa," nikasema, "mabomba ya lile gari ni mepesi."

"Najua."

Sikuwa nimejipanga kwa jibu hilo.

"Unajua?"

"Nililiendesha kwenye mazoezi. Mama, lilivyotoka kwenye kona! Hata wewe ungejua." Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa kijana. "Kila mtu ana lake pale. Mmoja anapaka matairi dawa yawe laini, mwingine ameficha tangi la pili la petroli. Sisi tumepunguza uzito, basi."

"Likipinduka?"

"Halitapinduka."

"Mwaka jana lilipinduka."

"Na mimi si huyu hapa?"

"Kwa sababu ya yale mabomba yaliyotupwa chini kule gereji."

Akainuka kwenda kunawa mikono, na aliacha maji yatiririke muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Hapo nikajua kwamba naye anaogopa, na kwamba ataendesha hata hivyo.

Bosi alikuja mwenyewe kuchukua vifuniko. Akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, akanywa chai, akasifu mishono. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya furaha, "Nasikia uliuliza maswali mazuri pale gereji." Nikasema nilitaka tu kujua vipimo. "Sawa kabisa," akasema. Akamgeukia binti yetu aliyekuwa akiandika kazi za shule kitandani, wakaongea Kiingereza chao cha haraka. Akamwambia amemwona akisubiri gari la shule kwenye geti la nyuma, karibu na robot, zile taa za barabarani, na kwamba ni mahali pabaya, magari yanapita kasi. Binti yangu akacheka. Bosi akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi, na mpaka leo siwezi kusema kama yale yalikuwa maneno ya mtu mwema anayejali mtoto, au yalikuwa kitu kingine. Kuanzia siku iliyofuata nilimpeleka shule mwenyewe na kumrudisha mwenyewe, nikifunga cherehani kazi zikiwa katikati.

Kwenda kwa wakaguzi nilifikiria. Nilifikiria kibali, nikafikiria chumba, nikafikiria lile geti. Halafu nikaona kuna kitu kimoja kilicho mikononi mwangu. Ovaroli ya mume wangu, ile isiyoshika moto, ilikuwa kwangu nimshonee nembo mpya. Bila ovaroli hiyo dereva haruhusiwi kuingia uwanjani. Jumapili ya mashindano, yeye alipotangulia gereji akiniachia niilete uwanjani, niliichukua nikaizamisha kwenye beseni la maji na sabuni. Kisha nikamvika mtoto koti tukaenda.

Uwanja uko mashariki mwa jiji, kwenye nyasi zilizoungua, upepo unarusha vumbi na moshi wa nyama choma. Mume wangu alikuja kwangu nyuma ya magari akinyoosha mkono.

"Ovaroli."

"Nimeisahau nyumbani. Nimeifua."

Alinitazama. Hakupiga kelele. Bosi ndiye aliyepiga kelele, kisha akaenda kwa timu nyingine, akarudi na ovaroli ya dereva aliyekwisha kumaliza mbio zake, fupi, miguu inaishia juu ya vifundo. Mume wangu akaivaa mbele yangu. Alipofunga zipu, akaniinamia sikioni.

"Usifanye hivyo tena, mama. Sasa naingia mle nikiwa nakufikiria wewe."

Nilikuwa nimetaka kumtoa kwenye gari, badala yake nilikuwa nimempa mzigo mwingine wa kuingia nao.

Wakaguzi walitoboa tundu lao ubavuni, palepale, wakaitikia kwa vichwa kwamba ni sawa.

Walipoanza nilimshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka akalalamika, "Yoh, Mama, unaniumiza." Gari letu lilikuwa jepesi kweli. Lilichomoka kwenye kila kona kama lililosukumwa, na watu waliotuzunguka wakasimama kulishangilia. Mimi nilitazama paa peke yake. Gari la bluu lilimgusa nyuma, jambo la kawaida kabisa pale, linaruhusiwa. La kwetu likageuka ubavu, gurudumu likakamata ukingo wa udongo, likapinduka. Halikupinduka vibaya. Mwaka uliotangulia lilijiviringisha zaidi ya hapo. Lakini lilipotua juu chini, paa la upande usio wa dereva lilibonyea mpaka kwenye mlango, taratibu, kama kopo chini ya kiatu.

Sikumbuki kushuka jukwaani. Nakumbuka mtu amenishika kiuno kwenye uzio, na ni yule fundi wa Tanga, anasema, "Ya Rabi, ya Rabi," na machozi yanamtoka. Nakumbuka waokoaji walivyokata bomba kwa mkasi wa chuma, na bomba likakatika upesi mno, na mkaguzi mmoja akakiokota kile kipande akakichungulia ndani.

Mume wangu alitoka akiwa hai. Bega na mfupa wa mtulinga vilivunjika. Upande wake, penye lile bomba zito lililoachwa kwa ajili ya wakaguzi, paa lilikuwa limeshika.

Bosi alisema yeye hakujua, kwamba dereva na fundi walifanya wenyewe. Fundi hakungoja, kabla ya kikao cha wasimamizi wa mbio alishapanda basi kurudi Tanga. Kikao kilifanyika Midrand, kwenye ofisi yenye zulia na mashine ya kahawa, na mume wangu, mkono ukiwa umefungwa kifuani, alieleza kila kitu, pamoja na kwamba alijua. Nilikaa nyuma yake nikisubiri watuulize habari za kibali. Hawakuuliza. Waliwafungia wote wawili, yeye na bosi, mpaka msimu uishe, wakatushukuru kwa kuja.

Nje, kwenye maegesho, bosi alitufuata. Nikamsogeza mtoto nyuma yangu. Lakini alikuwa anatabasamu, akamgonga mume wangu begani, lile zima.

"Umesema ukweli, sikulaumu. Msimu ujao nina gari jipya. Halali kabisa. Sharp, tumeelewana?"

Nikasubiri mume wangu amtukane, au angalau aondoke. Akauliza, "Injini gani?"

Wakaanza kuongea hapo juani, wawili hao, kwa mikono, wakichora kona hewani, na mume wangu akasahau bega lake akalishtua, akakunja uso, akaendelea kuongea. Hakuna siku niliyoogopa kama hiyo, hata ile ya uwanjani.

Mume wangu hakurudi kwenye mbio. Msimu ulipofika mkono wake ulikuwa bado haupandi juu ya kifua, na bosi akampata dereva mwingine, Mkenya, mwenye mke ambaye bado ni kijana. Tulihama chumba kile. Sasa mume wangu anaendesha gari la kusambaza mizigo Midrand, na jioni akichelewa hunipigia simu kabla sijampigia. Yule mke wa Mkenya nimekutana naye sokoni Rosettenville. Nilimweleza yote, pale pale, kati ya nyanya na vitunguu, hata kuhusu geti la shule. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia asante dada, kisha akaniomba nisimwambie mumewe kwamba tumeongea.