Kitabu Alichosomewa Ami Shee

Daktari ameniandikia vidonge vya mafuta ya samaki kwa ajili ya magoti yangu, ambayo yameamua kuzeeka kabla yangu. Juzi kimoja kilinipasukia mkononi na harufu ikajaa chumba kizima. Mume wangu alikimbilia madirisha. Mimi nilibaki kitandani nikinusa vidole vyangu kama mwehu, kwa sababu kwangu ile si harufu ya dawa. Ni harufu ya kitabu.

Nitaeleza, msiondoke. Baba yangu, Bakari, alikuwa fundi wa mashua kisiwani Chula, kusini mwa Kismayo. Mashua ikimalizika hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Siku moja Mama aliona tundu la mdudu kwenye jalada la kitabu chake, akamlalamikia Baba. Baba hakujua kusoma, lakini wadudu aliwajua. Alikichukua kitabu kile, akakipaka sifa jalada na kingo zote, bila ubahili, akakianika juani karibu na mkuku, ule ubao wa chini unaobeba mashua nzima. Wadudu hawakukigusa tena. Binadamu nao walikuwa wakifikiri mara mbili kabla ya kukigusa.

Kilikuwa kitabu cha pekee nyumbani, ukiacha msahafu. Aliyekiandika ni babu yake Mama, kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu na lugha yetu, na ndani yake mlikuwa na visa vingi. Mama alikuwa na kisa kimoja akipendacho. Ndugu wawili, mkubwa na mdogo. Mdogo anajenga nyumba na kuchonga mlango wake kwa mikono yake, kisha anasafiri kwenda Hija. Nyuma yake mkubwa anakwenda kwa kadhi kusema nyumba ni yake, na kadhi anamwamini. Siku anayohamia, mlango unamwuliza: "Mkono gani ulinichonga?" Anapita haraka bila kugeuka. Kila akiingia mlango unauliza, kila akitoka unauliza, mpaka mwishowe anaanza kupitia dirishani, na watu wa mji wanasimama njiani kumtazama mzee mwenye kilemba akitanguliza mguu dirishani kwake mwenyewe.

Nilikuwa nakipenda kisa hicho kwa sababu ya mguu. Mama, kama mtakavyoona, alikuwa na sababu nyingine.

Miaka ile Wataliano walikuwa wamerudi kututawala kwa mara ya pili. Safari hii walisema wamekuja kutufundisha kujitawala, nao walitufundisha huku funguo zote zikiwa mifukoni mwao. Kaka mkubwa wa Baba, Ami Shee, alikuwa mkalimani bandarini Kismayo. Alivaa kofia ya jua na viatu vya ngozi, na akikubali jambo alisema "bene, bene", yaani vyema kwa Kitaliano, hata kwa kuku.

Baba alijenga mashua. Kwa kawaida alijengea watu, lakini hii ilikuwa yetu, aliijenga jioni baada ya kazi za wenyewe, na ubavuni akaomba aandikiwe jina langu: Zubeda. Mimi nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Nilikaa mchangani nikiyatazama yale maandishi mpaka nikaitwa kula, nikaitwa tena.

Mashua ilibidi ipelekwe Kismayo ikaandikishwe. Ofisini Ami Shee alizungumza na ofisa Mtaliano, Baba, asiyejua Kitaliano, akiwa amesimama kando, kofia mkononi, akiitikia kwa kichwa kila kaka yake alipomaliza sentensi, kwa kuwa aliyekuwa akizungumza ni kaka yake. Walipotoka nje, mashua ilikuwa ya Ami Shee, na Baba mwenyewe alikuwa ameshuhudia kwa kichwa chake. Jina langu likakwanguliwa. Mahali pake likaandikwa Rosina. Huyo Rosina ni nani, hatujaambiwa mpaka leo.

"Ni kaka yangu," Baba alisema alipofika nyumbani, akachukua tezo lake akarudi kazini. Hiyo ndiyo hotuba yake yote juu ya jambo lile.

Mimi sikuwa na ustahimilivu huo. Nilipanga kumtia Ami Shee mchanga katika wali. Nilipanga kumwekea chura katika kiatu. Nilimwombea tumbo la kuendesha, kwa unyenyekevu mkubwa, baada ya kila sala, na nikaona ajabu kwamba dua ya mtoto aliyedhulumiwa inacheleweshwa hivyo.

Lakini aliyenikasirisha zaidi ni Mama. Ami Shee aliendelea kuja Chula kana kwamba hakuna kilichotokea, maana samaki wetu walikuwa wazuri na hawakuwa na bei. Mama alimtandikia mkeka mpya. Alimpikia samaki wa nazi. "Karibu shemeji, ongeza shemeji." Kisha baada ya alasiri majirani wanawake waliingia na ukili wao wa kusuka mikeka, wakakaa, na Mama akaleta kitabu.

Sasa, kwetu kulikuwa na desturi. Kitabu kikifunguliwa kwa bismillahi mbele ya watu, hakuna anayeinuka mpaka msomaji akifunge na kumswalia Mtume. Ukiinuka kabla, umekidharau kitabu, na mwenye nyumba, na waliokaa. Ami Shee alikuwa akikaa kwenye kiti cha pekee, shuka la harufu nzuri mabegani, na Mama alifungua pale pale. Ndugu wawili. Mlango.

"Mama, hiyo tumeshaisoma," nilimwambia siku moja, nikidhani amesahau.

"Tumeshaisoma," alisema, "lakini hatujaimaliza."

Akifika kwenye swali la mlango hakupaza sauti. Aliuliza kwa upole, kama anayemwuliza mgeni kama ataongezwa mchuzi. "Mkono gani ulinichonga?" Ami Shee alikuwa akikuna shingo. Alikuwa akihesabu boriti za dari. Na Bibi Mote, jirani yetu, mkubwa wa wasukaji wote, ambaye aliweza kusikia kuku akitaga nyumba ya tatu, alikuwa akisema, "Rudia hapo, mwanangu, sikushika vizuri."

"Wacha nikaswali kwanza," Ami Shee alijaribu mara moja.

"Mchu hainuki kitabu kikiwa wazi, Shee," alisema Bibi Mote, aliyetamka "mtu" kikwetu, vidole vikiendelea na ukili. "Na magharibi bado iko mbali. Kaa."

Akakaa. Kila alipokuja, akakaa.

Mwishowe alifika na zawadi: kitabu kilichopigwa chapa Mombasa kwa herufi zetu, jalada linang'aa, cha adabu za nyumbani. "Shemeji," alisema, "hicho chako kinanuka kama kikapu cha mvuvi. Nipe nikipeleke Kismayo kwa fundi, kirudi kimevaa ngozi." Mgeni ameomba, tena kwa wema. Mama alimpa kwa mikono miwili. Mimi nililia nyuma ya jiko, nikamwongezea Ami Shee na vidonda vya miguu katika dua.

Kitabu hakikurudi. Kwanza fundi alikuwa mgonjwa. Halafu fundi alisafiri. Halafu, Ami Shee akasema kwa huzuni, kililiwa na mbuzi. Mbuzi anayekula mafuta ya papa sijamwona hata leo, na nimetembea.

Alasiri ile aliyotuletea habari za mbuzi, alinyoosha miguu kwa raha. "Haya, someni basi hiki kipya. Someni adabu." Mama alikuwa bado jikoni. Nikakichukua mimi. Nikakaa katikati ya mkeka, nikasema bismillahi, nikafungua jalada lile linalong'aa na kuanza kusoma kisa cha ndugu wawili.

Nilikuwa nacho chote kichwani. Kwa miaka Mama alikuwa akikisoma kumlenga mtu mwingine, nami nikisikiliza. Lakini sikuridhika nacho kama kilivyokuwa. Nyumba nikaifanya mashua. Kadhi nikamfanya ofisa mwenye masharubu. Na ndugu mkubwa alipopanda mashua kwa mara ya kwanza, mashua ikamwuliza: "Jina langu nani?"

Vidole vikasimama kwenye ukili.

"Hayo hayamo humo," alisema Ami Shee.

Bibi Mote alimgeukia taratibu. "Kumbe umeshakisoma?"

"Nimekinunua mimi."

"Basi tuambie kilichomo."

Akakuna shingo. Alijua herufi za Kitaliano tu. Zetu za Kiarabu zilimshinda tangu chuo cha Kurani, na kila mtu pale alikumbuka fimbo alizokula.

"Haya, Zubeda," alisema Bibi Mote, "endelea na adabu."

Niliendelea. Nilimfikisha yule ndugu mahali ambapo anaogopa kupanda chombo chake mwenyewe, akawa anaogelea kando yake, kofia kichwani, viatu vya ngozi vikijaa maji. Wanawake walikuwa wamejiziba midomo kwa mitandio. Jasho lilimtoka Ami Shee, na hakuinuka, hakuweza, na mimi nilisoma polepole, na nilipoishiwa na maneno nikabuni mengine. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nimepata shahada mbili tangu siku hiyo, na sherehe zote mbili zilinichosha.

Asubuhi yake alipokuwa akishuka pwani, watoto wote wa Chula walikuwa wakimwita Rosina. Hakurudi tena.

Nilingoja Mama anisifu. Naye alingoja mpaka tulipokuwa peke yetu tukichambua mchele.

"Kwa nini ulitia mashua?"

"Ili ajue."

"Alikuwa anajua."

"Na watu wajue."

"Watu pia walikuwa wanajua. Unadhani Bibi Mote ni kiziwi?" Alipeta ungo. "Unadhani mimi sikikumbuki kile kisa? Ningemsomea humo humo ndani ya kitabu chake, kama kilivyo, na angekuja, na angekaa, mpaka mmoja wetu afe. Nilikuwa naye mkononi, Zubeda. Umemfukuza."

Nilidhani amechanganyikiwa. Adui amekimbia kwa aibu, naye ananuna kama aliyeibiwa mara ya pili.

Ilipita miaka. Wataliano walikuwa karibu kufunga mizigo yao, mimi nimeshakuwa msichana wa kuvaa buibui, tulipopata habari kwamba Ami Shee ni mgonjwa sana, yuko kwa mkewe mdogo huko Burgao. Mashua yenyewe, tuliambiwa, ilikuwa imelala pwani huko huko, mbavu nje, kuku wakilalia ndani. Baba alikuwa na homa. "Nitakwenda mimi kumtazama," alisema Mama. "Ni shemeji yangu." Alifunga mikate, halua kidogo, na kile kitabu cha adabu, akanichukua na mimi.

Chumba cha mgonjwa kilikuwa kimejaa watu. Mama alimsalimu vizuri, akamwuliza hali, akamrekebishia mto. Watu walipoanza kuaga, alikitoa kitabu. "Bismillahi," akasema, na wote wakakaa.

Alikisoma kisa kama babu yake alivyokiandika. Nyumba, kadhi, mlango. Hakutia mashua. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuuliza mchuzi. Alipofika kwenye mguu na dirisha, Ami Shee alifumba macho.

"Mashua ni ya Bakari," alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini chumba kizima kilisikia. "Aliijenga Bakari. Nisamehe, shemeji."

Mkewe alianza kulia. Mimi nilimtazama Mama, nikingoja akifunge kitabu amswalie Mtume, twende zetu tumeshinda.

"Nimekusikia, shemeji," alisema Mama. Akalowesha kidole, akarudisha kurasa mpaka mwanzo, akaanza upya.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini mtu mzima arudie kitabu ambacho mwisho wake anaujua, na mimi huwapa majibu ya darasani, kuhusu lugha na undani, nao huyaandika. Burgao nilidhani Mama hakuyashika maneno ya mgonjwa. Nilipofika umri aliokuwa nao siku ile, na mimi nikiwa nimeshapata wangu walionidhulumu, wa kuwasomea, ndipo nilipoelewa kwamba aliyashika yote. Ila Ami Shee alidhani kisa kile kinasomwa ili ajibu; Mama alikisoma ili akae asikie.